Kitufe cha Nipe

Bertila Luvanda alipoitwa polisi kulipima gari la Mwalimu Mgimwa, alikwenda akiamini kwamba mzee wa watu alijisahau tu. Mafinga nzima iliamini hivyo. Mwalimu alikuwa na miaka sabini na mbili, amestaafu kufundisha fizikia, na wiki sita nyuma gari lake lilitoka barabarani saa nane mchana kweupe, likamkumba Yeremia Sanga aliyekuwa akikokota baiskeli yenye shehena ya mbao. Yeremia alivunjika paja, akawekewa chuma. Mwalimu alikuwa nyumbani akisubiri kesi, leseni yake ikiwa kwenye droo ya polisi.

Magari ya siku hizo yalijiendesha. Mtu aliketi, akataja aendako, na dereva wa ndani, kama watu walivyoiita ile akili iliyofungwa chini ya dashibodi, akashika usukani na breki na kila kitu. Lakini sheria ilitaka kila gari liwe na kitufe kimoja cha kubonyeza kwa kidole, chenye waya wake peke yake, ili binadamu akitaka kulichukua gari asizuiwe na chochote. Kwenye karatasi za serikali kiliitwa kitufe cha makabidhiano. Mtaani kiliitwa nipe. Ukikibonyeza kikazama, gari lilisema, "Nimekupa," na tangu hapo mkono ni wako na kosa ni lako. Ukikibonyeza tena kikainuka, lilisema, "Nimepokea," na kosa likarudi kwa walioliunda.

Kumbukumbu za gari la Mwalimu zilionyesha kwamba nipe ilizama sekunde mbili kabla ya gari kuacha njia. Mwalimu mwenyewe alieleza kwamba hakubonyeza kitu. Alikuwa anasoma kitabu, akasikia "Nimekupa," akatupa kitabu na kurukia usukani, akawa amechelewa. Hakuna aliyemsadiki. Watu walisema mashine haina sababu ya kudanganya, mzee anayo.

Aliyemwita Bertila ni Mkaguzi Nasra Kipingu wa usalama barabarani, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi. Bertila alikuwa fundi pekee wilayani mwenye kibali cha kufungua dashibodi zenye lakiri, ule muhuri wa serikali. Alimkumbusha mkaguzi kwamba gari hili aliwahi kulihudumia yeye mwenyewe mwezi wa Januari, na Nasra akamjibu kwamba magari yote ya wilaya amehudumia yeye, sasa amwite nani. Akamkabidhi fomu. Ilikuwa na swali moja la maana: kitufe kimekutwa na hitilafu, ndiyo au hapana. Angepita saa kumi kuichukua.

Ilikuwa saa tatu asubuhi na ukungu ulikuwa haujaondoka uani. Bertila alifunua turubai, akaunganisha betri, akaketi kwenye kiti cha mbele. Alibonyeza nipe. Kikazama kwa mlio mdogo mkavu, gari likasema limempa. Alibonyeza tena. Kikaruka juu, gari likasema limepokea. Alifanya hivyo mara thelathini, polepole, haraka, kwa ncha ya kidole, kwa kona ya kidole, na mara zote thelathini kitufe kilitii.

Akachomoa soketi nyuma ya dashibodi na kuweka mita ya kupimia umeme. Kitufe kikiwa chini mita ililia, kikiwa juu ikanyamaza, kama inavyotakiwa. Akalitikisa fungu la nyaya huku mita imewekwa, akitafuta waya uliochubuka; mita haikushtuka. Kontakti, vile vyuma viwili vinavyogusana kitufe kikizama, zilikuwa safi, hazina kutu. Fundi mwingine angeweka tiki kwenye "hapana" akaondoka, na Bertila mwenyewe alikwisha kutoa kalamu.

Kilichomzuia ni mazoea ya kazi. Mteja akikwambia gari linaumwa, kisha likafika kwako zima, hulipimi tu na kulirudisha. Unamuuliza lilipougua ilikuwa saa ngapi na hali ya hewa gani. Ajali ilitokea saa nane, jua la Oktoba likiwa kichwani. Yeye alikuwa anapima kwenye ukungu. Basi akafunga vioo vyote, akaliacha gari bila turubai, akaenda kukaa kwenye benchi la mapokezi, akasubiri jua lipande.

Saa sita alirudi. Dashibodi ilikuwa ya moto kiasi cha kuogopa kuiegemea. Alibonyeza nipe, ikazama. Alibonyeza tena. Safari hii kitufe hakikuruka. Kiliinuka taratibu kama mtu mwenye magoti mabovu anayeinuka kitini, kikasimama kabla ya kufika juu, chini ya usawa wa dashibodi kwa unene wa ukucha. Gari lilisema, "Nimepokea."

Bertila alikitazama kwa muda. Gari lilijihesabu limepokea, maana kontakti zilikuwa zimeachana, ingawa kwa unywele tu. Alitoka nje bila kukigusa, akafunga mlango kwa nguvu ya kawaida, kama mtu yeyote anavyofunga mlango wa gari. Akiwa amesimama pale nje, mikono yote miwili ikiwa mitupu, akasikia ndani ya gari, nyuma ya kioo:

"Nimekupa."

Hapakuwa na mtu ndani.

Alirudia mara tatu zaidi, maana jambo kama hilo haliaminiki kwa mara moja. Mara moja kitufe kilibaki pale katikati. Mara mbili kilijizamisha chenyewe kwa mtikisiko wa mlango. Mwalimu alikuwa amesema kweli tangu mwanzo. Siku ya ajali, kwa maelezo yake polisi, jua likiwa limekwisha kupanda alilitoa gari uani kwa mkono wake, akalirudishia dereva wa ndani, na kitufe kikakwama njiani bila yeye kujua. Jua likakichemsha hadi saa nane, na shimo moja tu la barabarani likatosha kukiangusha.

Moyo wa Bertila ulikuwa mwepesi alipochukua kijiti cha plastiki na kukibandua kifuniko. Alikuwa tayari anafikiri maneno atakayomwambia mzee. Chini ya kifuniko kuna oringi, mpira wa duara unaozuia vumbi na maji, na alitegemea kuona mchanga, au soda iliyomwagika, au kosa la kiwandani. Aliukuta mpira umevimba kama mdomo uliong'atwa na nyuki. Ulikuwa umelibana shina la kitufe pande zote. Na uling'aa kwa grisi ya njano.

Grisi ya kitufe hutakiwa kuwa nyeupe, ya silikoni. Ya njano ni ya beringi za magurudumu. Mpira laini huinywa kidogo kidogo, hunenepa, na ukipata joto hunenepa zaidi. Bertila hakuhitaji kuinusa. Januari ile grisi nyeupe ilikosekana hadi Iringa mjini, magari yalikuwa yamepanga foleni kwa ukaguzi wa mwaka, Mwalimu alilalamika kwamba kitufe chake kinakwaruza, naye akafungua kopo lililokuwa karibu akijiambia grisi ni grisi.

Aliufunga mlango polepole. Akakaa na kifuniko mapajani, na yale maneno aliyokuwa akiyatunga kwa ajili ya mzee yakamtoka yote.

*

Mumewe, Gaspari, alikuwa seremala na karakana yake ilikuwa nyuma ya kituo. Saa sita na nusu alimletea chakula kama alivyofanya siku zote alipofanya kazi karibu, na alipomwona usoni aliweka chombo chini kabla ya kusalimia. Bertila alimweleza yote. Hakuwahi kumficha kitu, na hata angetaka, asingejua aanzie wapi.

Gaspari alisikiliza hadi mwisho. Hakuwa mtu mbaya, na alichosema hakukisema kwa ubaya. Alimkumbusha kwamba Yeremia alikwisha kuanza kutembea na magongo. Mwalimu kwa umri wake hawezi kufungwa. Watamnyima leseni, basi, na leseni yenyewe katika umri ule ina kazi gani. Lakini Bertila akinyang'anywa kibali, wale wanawake wawili aliowafundisha kazi watarudi kuuza nyanya, na wilaya nzima itabaki bila fundi.

"Mama Teo," alisema, "asubuhi si kilifanya kazi?"

"Kilifanya."

"Mara thelathini. Basi andika cha asubuhi. Hutakuwa umeongopa."

Bertila alimwambia kuna magari mengine. Siku zile za Januari alipaka grisi ileile kwenye vitufe vya magari tisa zaidi.

Gaspari alifikiri, kisha akasema ayaite hayo tisa ayasafishe kimya kimya, moja moja, na ulimwengu utakuwa salama bila mtu kuumizwa. Akaongeza kwamba hamlazimishi. Anasema tu kama mume. Akamwachia chakula akarudi kazini, maana alimjua mkewe vya kutosha kutomkalia kichwani.

Na ushauri ulikuwa mzuri, hilo ndilo lililomtesa Bertila. Mkobani mwake mlikuwa na chupa ya spiriti na kitambaa. Dakika mbili za kufuta, oringi mpya ya shilingi chache, na kitufe kingeruka saa nane ya jua kama kilivyoruka saa tatu ya ukungu. Angeandika "hapana" na kipimo chochote kingethibitisha. Alikaa pale na chupa mkononi kwa muda mrefu kuliko alivyokuja kukiri baadaye. Alimfikiria Mwalimu, aliyewahi kumfundisha kidato cha pili na kumgongea rula mezani kwa kusema "nadhani" alipoulizwa jibu la hesabu. Aliwafikiria wale wanawake wawili. Aliifungua chupa, akaifunga.

Mwishowe aliamua kuanza na lile lisilo na ubishi, yaani yale magari. Hayo angeyaita vyovyote vile, awe mkweli au mwongo.

*

Wa kwanza kupigiwa simu alikuwa mfanyabiashara wa mbao mwenye gari la mizigo. Bertila alimwambia kuna ukaguzi mdogo wa kawaida, alilete gari karakana. Bwana yule akashukuru kwa upole, akasema atalileta Jumatatu ijayo. Bertila akasema ingekuwa vizuri alilete leo. Akajibiwa kwamba leo liko njiani kwenda Makambako, na kama ni ukaguzi wa kawaida haliharibikiwi kitu kwa siku tano.

Ndipo alipouona ushauri wa mumewe ulipopasuka. Hakuna mtu anayesimamisha gari barabarani kwa ajili ya ukaguzi wa kawaida. Ili wasimame ilibidi wajue sababu, na kwamba aliyeisababisha ni yeye.

Alimpigia tena yule bwana. Safari hii alisema, "Nilikosea. Nilipaka grisi isiyofaa kwenye nipe yako, na gari linaweza kukuachia usukani bila wewe kugusa kitu. Tafadhali lisimamishe." Kisha bwana akasema atalisimamisha, na kwamba watazungumza. Alisema neno hilo la mwisho kwa namna ambayo Bertila aliielewa.

Baada ya hapo ikawa kama kuvua viatu vinavyobana. La pili lilikuwa rahisi kuliko la kwanza, na la tatu kuliko la pili. Mmoja alimtukana. Mmoja, mama mmoja muuza maziwa, alimshukuru hadi akaona aibu. Kufika saa nane kasorobo magari manane yalikuwa yamesimama, na jina la tisa likabaki kwenye daftari: gari la wagonjwa la zahanati ya parokia.

Alipopiga zahanati aliambiwa mlinzi alilitoa gari uani kwa mkono, akalirudishia dereva wa ndani, nalo limeondoka saa tano na nusu kwenda Morogoro. Limebeba mtoto wa siku nne mwenye tatizo la moyo, pamoja na mama yake na nesi. Kwa saa ile lingekuwa limepita Ilula.

Mbele ya Ilula ni Kitonga. Barabara inauacha ubaridi wa juu na kushuka mlima kwa kona juu ya kona hadi bondeni Ruaha Mbuyuni, kwenye joto la kukaanga, ukuta wa mwamba upande mmoja na korongo upande mwingine. Bertila aliomba namba ya nesi. Vidole vilikosea tarakimu mara mbili.

Nesi aliitwa Imakulata Kalinga, na sauti yake ilikuwa ya mtu asiyetaka kusumbuliwa. Bertila alijitaja, akamuuliza nani amekaa mbele. Hakuna, nesi alisema. Wao wako nyuma na mtoto. Bertila akamweleza kwa maneno machache kadiri alivyoweza, bila kujipamba.

"Liambie gari lisimame sasa hivi," alimaliza. "Kabla ya mteremko. Sasa bado linakusikia. Likishakuachia usukani halitakusikia tena."

Alimsikia nesi akiligeukia gari na kuliamuru. Alisikia gari likijibu kwamba linasimama, na muungurumo wa matairi ukipungua hadi kuisha. Walikuwa, nesi alisema, mahali malori yanapopumzika, na bango la kwanza la mteremko aliliona kwa macho.

Bertila alimwomba aende mbele akitazame kitufe. Nesi akaenda. Dashibodi ilikuwa ya moto, alisema. Kitufe kilikuwa chini kidogo ya usawa, hakijazama, hakijainuka. Kama unene wa ukucha.

Bertila alifumba macho. Lori moja likipita karibu, breki moja ya ghafla, ingetosha.

Njia ya kawaida ilikuwa kusubiri gari jingine kutoka Iringa, na hilo lisingefika kabla ya saa mbili kupita. Aliuliza kuhusu mtoto. Nesi alijibu kwamba oksijeni iliyobaki ni ya saa tatu na nusu, na kutoka pale hadi Morogoro ni saa tatu kamili. Alilisema hilo bila kupandisha sauti, kama mtu anayesoma kipimajoto, na kwa hiyo likamwingia Bertila zaidi. Alimuuliza kama kuna mtu yeyote hapo anayejua kuendesha kwa mkono. Nesi hakuwahi kushika usukani maishani mwake, na mama mtoto pia, na malori yaliyoegeshwa pale hayakuwa na mtu ndani.

Ikabaki njia ambayo hakuna fundi mwenye kibali angeiandika popote. Gari lilijua kitufe kimezama kwa sababu ya shina lake kugusanisha kontakti mbili. Shina likiondolewa kabisa, kontakti haziwezi kugusana, na gari litabaki mikononi mwa dereva wa ndani hadi mwisho wa safari. Lakini kuliendesha gari lisilo na nipe lilikuwa kosa la jinai, na kuamuru hivyo kosa kubwa zaidi. Sheria nzima ilijengwa juu ya kitufe kile.

"Nesi, una koleo ya hospitali?"

"Ninazo."

"Kishike kitufe kwa ukingo wake, ukivute nje chote, na shina lake. Kitakataa. Mpira umekibana. Usiogope kukivunja. Mkisimamishwa na polisi, sema fundi Bertila Luvanda wa Mafinga ndiye aliyekuamuru. Ulitaje jina langu lote."

Alisikia chuma kikikwaruza plastiki. Akasikia koleo ikiteleza, kisha ile sauti, ndogo kwenye simu: "Nimekupa." Mama wa mtoto aliuliza kitu kwa hofu. Bertila akasema gari limesimama, halina pa kwenda, avute tena. Nesi alivuta. Hakikutoka. Alivuta tena huku akihema, na kitu kikakatika au kikachomoka.

"Nimepokea," gari likasema.

Nesi alisema anacho mkononi, kizima, na shina lake, na kina mafuta ya njano. Bertila akamwambia atie kidole kwenye tundu ahakikishe hakuna kilichobaki ndani. Hakikubaki kitu. Akamwambia waende.

Mtandao ulikatika kwenye kona ya pili ya mlima. Bertila alibaki ameketi mlangoni mwa gari la Mwalimu, miguu nje, simu kwenye goti. Hakusali kwa maneno. Alijikuta anahesabu kona za Kitonga kama anavyozikumbuka, akazichanganya, akaanza upya. Polisi mmoja alipita na kikombe cha chai, akamsalimia, naye akaitikia.

Saa tisa na dakika tano simu iliita. Sauti ya Imakulata ilikuwa imebadilika, imelegea, nyuma yake mtoto analia.

"Tumeshuka, dada. Tuko Mbuyuni."

Bertila aliibana simu sikioni. Akaitikia kwa kichwa kana kwamba nesi anamwona. Kisha akalala chali juu ya viti viwili vya gari lile, kifuniko cha kitufe kikiwa kifuani, akacheka, na machozi yakamteremka hadi masikioni. Kile kilio cha mtoto alikisikia moyoni mwake siku nzima. Kabla ya jua kuchwa walimpigia tena kumwambia kwamba wamefika na daktari amempokea.

*

Mkaguzi Nasra alipokuja saa kumi aliikuta fomu imejazwa. Tiki ilikuwa kwenye "ndiyo," na kwenye nafasi ya chanzo Bertila alikuwa ameandika aina ya grisi, tarehe ya Januari, na jina lake. Oringi ilikuwa kwenye mfuko wa plastiki. Chini aliongeza yale magari tisa, na lile la tisa alieleza alichoamuru kifanyike.

Nasra alisoma mara mbili akiwa amesimama.

"Ungeweza kukifuta," alisema.

"Ningeweza, Afande."

Mkaguzi aliikunja fomu. Alimwambia alete kibali chake kesho asubuhi, na kwamba asitegemee huruma yoyote ofisini kwao. Kisha akafanya jambo ambalo Bertila hakulitegemea: akampa mkono.

Huruma haikuwako. Kibali kilizuiwa mwaka mzima, na ilibidi arudie mtihani. Suala la kitufe kilichong'olewa lilijadiliwa miezi mitatu kabla ya mtu kuamua liachwe. Wanafunzi wake wawili walibaki karakana wakibadilisha magurudumu na betri, kazi zisizohitaji kufungua lakiri, na hawakurudi kuuza nyanya. Yeremia Sanga, Bertila alipokwenda kumwomba radhi, alimsikiliza akiwa amegeukia ukutani, na alichojibu ni kwamba amesikia. Bertila alikwenda tena wiki iliyofuata. Hayo yote yalikuja baadaye. Jioni ileile, kabla hata hajarudi kwake, alikwenda kwa Mwalimu Mgimwa.

Mlango ulifunguliwa na mkewe, Bi Oliva, aliyemkaribisha bila kutabasamu. Mwalimu alikuwa sebuleni amevaa koti. Mbele yake palikuwa na daftari la shule, naye alikuwa anaandika, na Bertila alipoinama kumshika mkono wa salamu aliona kilichoandikwa. Saa mbili nimekunywa dawa. Saa tatu nimefunga bomba, nimehakikisha. Saa nne nimefunga bomba, nimehakikisha. Mistari ilijaa ukurasa hadi chini. Bi Oliva alieleza, kwa sauti ya mtu aliyezoea, kwamba tangu ajali mzee anaandika kila anachofanya, maana hakiamini tena kichwa chake. Mwisho wa mwezi mtoto wao angekuja kuwachukua wakaishi naye Mbeya. Nyumba ilikwisha kupata mpangaji.

Bertila aliketi, akasema alichokuja kusema. Alianza na kosa lake, maana aliogopa kwamba akianza na jingine hatalifikia hilo. Kisha akaeleza mpira, joto, kitufe kilivyosimama katikati, mlango ulivyofungwa na gari tupu lilivyosema.

Alipomaliza, mzee alichukua kalamu, akachora kwenye daftari mduara ndani ya mduara, akaweka mishale ya kani pande zote, mmoja wa springi ukisukuma juu. Akautazama mchoro wake.

"Msuguano umelingana na springi," alisema polepole. "Kikasimama. Halafu mtikisiko."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Rudia pale uliposema hapakuwa na mtu ndani."

Bertila alirudia.

"Basi sikubonyeza."

"Hukubonyeza, Mwalimu. Nimeona kwa macho yangu. Nimeandika na kutia sahihi."

Mzee aliiweka kalamu mezani. Kisha akaomba simu. Alipiga Mbeya. Alimwambia mwanawe mambo mawili, kwamba mama yake hajambo, na kwamba hawahami. Mengine atayasikia Jumapili. Akamrudishia mkewe simu, akaegemea nyuma, akasema atapumzisha macho kidogo tu. Kabla hawajanyamaza vizuri alikuwa amelala, mdomo wazi, mikono imeanguka pembeni mwa kiti.

Bertila na Bi Oliva walibaki wakimtazama. Nje watu walikuwa wanatoka kazini. Bertila aliinuka taratibu aondoke, na Bi Oliva akainuka pia, akamsindikiza hadi mlangoni, na pale akamshika kiwiko.

"Wiki sita," alisema. "Usiku halali, mchana halali. Nimemwona akilinusa jiko mara kumi kujua kama limezimwa. Wiki sita, Fundi."

"Najua, mama."

Bi Oliva hakumwachia. Alitazama nyuma kule kitini, akasikiliza jinsi mzee anavyokoroma, na bega lake, lililokuwa limepanda karibu na sikio tangu alipofungua mlango, likashuka.

"Vua viatu urudi ndani," alisema. "Chai iko jikoni. Tunywe wakati bado amelala."

Bertila akavua viatu.